Gari inakula tairi za mbele, mume wangu anasema mdogo wake anatuibia

BARUA

Anti, shikamoo na habari za kazi. Naomba jina langu usilitoe wala mtaa ninaokaa, maana Moshi ni ndogo na hili jambo liko ndani ya familia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina duka la vyakula la jumla, mume wangu ni mwalimu. Tulinunua Fuso ya tairi sita, used, tukasema itabeba mizigo ya duka na ya watu wengine. Hela kubwa ilitoka SACCOS kwa mkopo ulio kwa jina langu, ila kadi ya gari ina jina la mume wangu, hilo tulikubaliana wenyewe na sina kinyongo nalo. Dereva ni mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, shemeji yangu, kijana ambaye alishaendesha malori ya watu wengine kwa muda mrefu kabla ya hili letu. Kazi kubwa ni kupeleka vitunguu na mahindi Tanga na kurudi na saruji, na wakati wa mavuno anaingia Kiteto kuchukua mahindi shambani kabisa.

Shida Anti ni kwamba hii gari inakula tairi za mbele na sio kula kwa kawaida. Tunafunga mpya mbili, miezi haiishi mingi ya kushoto inakuwa imeliwa upande wa nje mpaka kashata, yaani zile michoro za tairi, zinaisha, na ya kulia imeliwa upande wa ndani. Katikati bado ziko vizuri kabisa, ukisimama mbele ukaangalia haraka haraka unaweza sema tairi nzima hizi. Safari hii ya mwisho ile ya kulia ilifika mpaka waya zinaonekana kwa ndani, na aliyeziona sio dereva, ni fundi pancha wa pale Himo. Mume wangu hapo ndo alipopanda, akasema dereva gani anatembea mpaka Tanga haoni waya za tairi.

Tumeipeleka alaimenti, kunyooshwa magurudumu, zaidi ya mara moja. Fundi anainama mbele pale, anapima, anasema tairodi, kile chuma kinachounganisha tairi za mbele, ilikuwa imetoka, anaiweka sawa, tunalipa, gari inatoka inaonekana nzuri. Ikirudi Tanga tu usukani umelala tena, yaani gari inaenda moja kwa moja barabarani lakini usukani wenyewe umekaa kiupande. Shemeji anasema "shem, hii gari haijanyooka, mimi naishikilia tu", mume wangu akimjibu kwa ukali ananyamaza, anatoka nje, na siku hizi hata chai kwetu hanywi.

Sasa mume wangu ana mawazo mawili na anayachanganya. La kwanza anasema mdogo wake anajaza mzigo kupita kiasi, anapakia wa kwetu halafu anaongeza wa watu njiani anakula hela. La pili ndo baya zaidi, anasema tairi mpya zinauzwa huko njiani na tunafungiwa za mtumba, kuna watu kijiweni wamemwambia madereva ndo zao. Ameongezea kwamba shemeji ameanza kupandisha vyumba viwili kwenye kihamba, shamba la familia, upande wake, hela katoa wapi. Anataka Desemba ndugu wote wakija nyumbani aliweke kwenye kikao cha ukoo. Mama mkwe amesikia tetesi, ameniita mimi, sio mwanae, akaniambia kabla gari haijaja hawa wanangu walikuwa wanakula sahani moja. Sikuwa na la kumjibu.

Kuna vitu viwili ambavyo sijui kama vina maana. Hili tatizo kwa kumbukumbu yangu halikuwepo tulipoinunua, lilianza baada ya springi ya nyuma kushoto kuvunjika huko njia za shamba Kiteto, wakafunga jani lingine la springi hukohuko, tukatuma hela, ikaisha. Halafu kuna siku tulikuwa tunatoka msibani Mwanga, mimi nimepanda Noah iliyokuwa nyuma ya Fuso yetu, nikaona kama nyuma ya gari haifuatani na mbele, bodi imekaa mshazari. Nilipomwambia mume wangu akasema wewe unajua nini kuhusu magari.

Tairi mbili za mbele kwetu ni kama rejesho la mwezi mzima. Nimuache mume wangu aende kwenye kikao? Nimtoe shemeji kimya kimya nitafute dereva mwingine? Au tuuze gari nimalize mkopo na amani irudi? Mimi ndo niliyekopa na mimi ndo mkwe, likiharibika lolote litaniangukia mimi.

Mama wa Moshi

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako taratibu na nakwambia ukweli, ulichokiona ukiwa kwenye ile Noah kina uzito mkubwa kuliko walivyokuambia. Usikubali kuambiwa hujui magari. Umeona kitu kwa macho yako na umekieleza vizuri kuliko wengi wanaoendesha.

Ngoja nianze kwa kukurudishia ulichosema nione kama nimekuelewa. Gari inakula tairi za mbele, kila ukinunua mpya yanarudi yaleyale, fundi anarekebisha mbele na hairekebishiki, hela inatoka mfukoni kwako na mkopo una jina lako. Hapohapo ndugu wawili wameanza kutazamana vibaya, mama yao anakuangalia wewe, na Desemba inakuja. Nyumbani kwenu swali limeshakuwa nani anaharibu tairi. Mimi ningependa kwanza tukae kidogo kwenye swali la nini kinaharibu tairi, kwa sababu tairi lenyewe huwa linasema, na lenu limesema kwa sauti.

Mimi nimekua kwenye gereji ya malori ya marehemu baba yangu, Mbauda hapa Arusha, nikishika tochi chini ya chesisi, yaani fremu ya gari, kwa hiyo haya sijayasoma tu. Tairi ni kama kandambili, ukiona imeliwa kisigino upande mmoja unajua mwenye nayo anatembeaje hata kama hujamuona. Tairi iliyotembea na upepo mdogo, au iliyobebeshwa kuliko uwezo wake, inaliwa mabega yote mawili, nje na ndani, katikati inabaki imesimama. Iliyojazwa upepo kupita kiasi inaliwa katikati. Ikiwa na mashimo mashimo kuzunguka, hapo unatazama shokapu, balansi na beringi. Ikiliwa mfano wa meno ya msumeno, ukipitisha kiganja upande mmoja laini ukirudisha inakwaruza, hiyo tairi inaburuzwa pembeni badala ya kuviringika.

Sasa angalia zenu. Kushoto imeliwa nje, kulia imeliwa ndani. Maana yake zote mbili zimeliwa upande uleule wa barabara, upande wa kushoto. Kama shida ingekuwa ni tairodi peke yake, kwa kawaida tairi zote mbili zingeliwa nje, au zote mbili zingeliwa ndani. Zikiliwa zote kuelekea upande mmoja, fundi mzoefu anaacha kuangalia mbele anaenda kuangalia nyuma, kwa sababu mara nyingi ekseli ya nyuma, ule mhimili unaobeba magurudumu, haijakaa sawa na chesisi. Ekseli ya nyuma ndiyo inayosukuma gari. Ikikaa mshazari hata kidogo, inasukuma gari pembeni, na dereva ili aende moja kwa moja lazima azungushe usukani kidogo kupingana nayo njia nzima, kutoka Moshi mpaka Tanga mikono haipumziki. Ndiyo maana usukani unalala. Ndiyo maana wewe uliona bodi imekaa kiupande. Na neno la shemeji yako, "naishikilia tu", kwa mtu anayejua malori ni maelezo kamili kabisa ya hali hiyo.

Nikasoma pale uliposema springi ya nyuma kushoto ilivunjika na ikafungwa hukohuko shamba. Umeliandika kama jambo lililokwisha. Naomba ulirudie. Majani ya springi yanashikwa katikati na senta bolti, kichwa cha hiyo bolti ndicho kinachokaa kwenye tundu la ekseli na kuizuia isiteleze mbele wala nyuma. Halafu yubolti ndizo zinazobana springi na ekseli pamoja. Ukibadilisha jani porini, kwa haraka, na mzigo unasubiri, inawezekana senta bolti haikukaa kwenye tundu lake, au ilikatika baadaye, au yubolti zilikazwa siku ileile na hazikurudiwa tena. Na yubolti zikishafungwa upya zinatakiwa zirudiwe kukazwa baada ya gari kutembea na mzigo kidogo, maana majani yanajipanga na zenyewe zinalegea. Hapo upande wa kushoto wa ekseli unaweza kusogea milimita chache tu, jicho halioni, lakini tairi inaona kila kilomita.

Sisemi ndivyo ilivyo, gari sijaigusa. Inaweza pia kuwa bushi za springi zimeisha, inaweza kuwa chesisi ilipinda kabla hamjainunua, used ni used, ingawa wewe unasema mwanzoni haikuwa hivyo na mimi hilo nalipa uzito. Ninachosema ni kwamba kuna sababu ya kutosha ya kupima kabla ya kumtaja mtu.

Na kupima kwenyewe sio kazi ya mashine kubwa mwanzoni. Gari tupu, sehemu ya sakafu ya usawa, usukani umewekwa tairi za mbele zinyooke, upepo umepimwa tairi zikiwa baridi na zote ziko sawa, ikiwemo ile ya ndani ya nyuma ambayo watu wengi wanairuka kwa sababu mkono haufiki. Chukueni tepu, pimeni kutoka katikati ya gurudumu la mbele kushoto mpaka katikati ya gurudumu la nyuma kushoto, halafu kulia hivyohivyo. Vipimo viwili vinatakiwa vifanane. Vikipishana, bado hamjajua aliyesogea ni ekseli ya mbele au ya nyuma, kwa hiyo pimeni tena kutoka sehemu moja ya chesisi inayofanana pande zote, mfano kibanio cha mbele cha springi ya nyuma, mpaka kwenye ekseli, kushoto na kulia. Mafundi wengi wa malori wanataka tofauti hapo isizidi milimita 3 hivi. Ikizidi, mmepata pa kuanzia, na mjue kwamba kila alaimenti mliyolipia ilikuwa inanyoosha mbele ya gari ambayo nyuma yake imepinda. Si lazima fundi alikuwa anawadanganya, alikuwa anapima magurudumu mawili tu, na kwa magurudumu mawili alikuwa sahihi.

Kabla ya kurudi kwenye alaimenti nyingine yoyote, wainue mbele kwa jeki, mtu mmoja aweke mtalimbo chini ya tairi anyanyue, mwingine aangalie kingpini, ile pini ambayo gurudumu linageukia, kama inacheza, halafu ashike tairi juu na chini atikise kusikiliza beringi, ashike kushoto na kulia kusikiliza tairodi. Alaimenti kwenye vyuma vilivyolegea ni hela imetupwa. Mkimaliza hayo ndipo mtafute sehemu inayopima ekseli zote, sio mbele tu, na kabla hamjalipa muulizeni fundi swali moja, nyuma unapimaje. Jibu lake litawaambia kama mkae au muondoke. Na ombeni karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada.

Haya, sasa twende kwa shemeji, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo.

Mume wako ana hofu mbili na zote mbili zinapimika bila kugombana. Ya kuzidisha mzigo: kama gari ingekuwa inazidishwa kila safari ningetegemea kuona mabega yote mawili yameliwa, tena na za nyuma zinalalamika, na hilo hujaliandika. Lakini sio lazima mniamini mimi. Njia ya Tanga ina mizani pale Himo, na mizani inasoma kila ekseli. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele yenye tairi mbili, na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne. Kukiwa na karatasi za mizani, ziombeni, mzisome pamoja. Ila kuna kitu karatasi haiwezi kusema, mzigo uliopandishwa baada ya mizani, au huko Kiteto ambako hakuna wa kupima. Hapo mtabaki na kuaminiana au kutoaminiana, na mimi siwezi kukuondolea hilo.

Hii ya kubadilishiwa tairi, fikiri nami kidogo. Tairi ya mtumba inakuja na alama za gari ilikotoka. Moja ingekuja imeliwa katikati, nyingine mabega, nyingine imekwishaliwa kulia. Zenu kila mara zinakufa kifo kilekile, kushoto nje, kulia ndani. Mimi hilo linanifanya niamini kwamba tairi zinaliwa hapohapo kwenye hiyo gari. Haithibitishi kwamba hakuna mtu aliyewahi kuchukua kitu, inaonyesha tu kwamba kuna maelezo mengine yenye nguvu. Na kwa siku zijazo kuna njia ya kulala usingizi: tairi mpya zikifungwa, pigeni picha ubavu wake, pande zote. Kuna namba inayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka iliyotengenezwa, ukikuta 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Hiyo peke yake haitoshi kwa sababu tairi nyingi zinatoka wiki moja, kwa hiyo wenye malori mengi huchoma alama yao kwa moto kwenye ubavu, namba ya gari na namba ya tairi. Jamani, lifanyeni mbele ya dereva, mwambieni ni kumbukumbu ya gari. Likifanywa kwa siri akaja kuligundua Same huko akiwa anaziba pancha, mtakuwa mmemwambia neno ambalo hamtaweza kulirudisha.

Kuhusu waya za tairi ambazo dereva hakuziona. Umesema zilikuwa kwa ndani, kulia. Ukisimama nje huoni, lazima uiname au ukate usukani. Dereva makini anainama, ni kweli, na hapo shemeji yako ana la kujibu. Lakini kutoona na kuiba ni vitu viwili, na nyumbani kwenu naona vimeshawekwa kwenye sentensi moja. Hivi kuna mtu ameshawahi kukaa naye akamuuliza kwa upole, gari inavuta wapi, inaanza spidi ngapi, ikiwa tupu ikoje, ikiwa na mzigo ikoje? Ninaona aliulizwa kwa ukali akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa. Kuna watu wanaonyamaza kwa sababu wana hatia, na kuna mdogo wa mtu anayenyamaza kwa sababu anayemfokea ni kaka yake mkubwa. Wewe unayemjua ndiye utakayepambanua. Na hivyo vyumba viwili, umeshawahi kujua kijana huyu analipwa shilingi ngapi kwa safari na anaweka wapi? Siulizi ili umtetee. Nauliza kwa sababu kama hakuna makubaliano ya wazi ya malipo yake, basi kila tofali atakaloweka litaonekana limetoka kwenye tairi.

Sasa njia ulizotaja. Kumtoa kimya kimya naona ina hatari mbili. Ukimtoa na gari ikawa ndiyo mbovu, dereva mpya atakula tairi zilezile, ila safari hii utakuwa umeshampoteza shemeji na mama mkwe pamoja. Ukimtoa na kweli alikuwa na makosa, hutajua, kwa sababu hukupima, na mume wako atabaki na hasira isiyo na mwisho. Kwa upande mwingine kama kuendesha naye kumeshakuwa mateso kwenu wote watatu, kupumzishana kwa muda sio dhambi, mradi lisemwe wazi na kaka yake mwenyewe, lisipitie kwako.

Kuuza gari nayo ni haki yako kuifikiria, mkopo ni wako. Ila ukiiuza leo inavyovuta hivyo, mnunuzi yeyote mwenye fundi ataiona kwenye tairi na atakukata bei, pengine kukata kukubwa kuliko gharama ya yubolti na senta bolti. Na ikiwa chesisi ndiyo imepinda, hapo hesabu inageuka kabisa, kunyoosha chesisi ni kazi kubwa na inaweza kurudi, na kuuza kunaweza kuwa na akili kuliko kuendelea kutibu. Ndiyo maana nasema usiamue kabla ya kujua ni lipi.

Kikao cha ukoo, mdogo wangu, wewe unavifahamu vikao vya kwetu. Neno mwizi likishasemwa mbele ya wajomba na mashangazi halifutiki hata tairi zikija kuthibitisha vingine. Mume wako kama mwalimu analijua hilo. Sidhani kama ni kazi yako kumkataza, na ukimkataza ataona umechukua upande. Labda unachoweza kumwomba ni mpangilio tu: gari ipimwe kwanza, na wakati inapimwa wawepo wote wawili, yeye na mdogo wake, mmoja ameshika tepu huku na mwingine kule. Mimi kwenye gereji ya baba nimeona watu waliokuja hawasemeshani wakaanza kuitana kwa majina wakiwa wanatafuta bolti moja. Nimeona pia wasiosemeshana wakaondoka vilevile, siwezi kukuahidi. Na kama mume wako hataki kusikia hili kutoka kwako, kuna ubaya gani akilisikia kwa fundi? Mwombe aende mwenyewe na maelezo yako ya siku ya Mwanga, amwambie fundi mke wangu aliona nyuma haifuati mbele. Fundi wa malori akisikia hivyo ataelewa palepale.

Wakati mnaendelea na haya, kuna jambo moja ambalo haliwezi kusubiri familia ielewane. Tairi ya mbele ya lori ikipasuka kwenye mwendo usukani unanyang'anywa mkononi, na gari likiwa na saruji nyuma hakuna dereva hodari hapo. Marekani sheria yao inataka tairi za mbele za lori ziwe na kina cha kashata kisichopungua milimita 3.2, kwa kuwa mbele ndiko kunakoongoza gari. Kwa hiyo ile yenye waya isirudi barabarani hata kwa safari ya Boma Ng'ombe. Na kama mtu atawashauri kuzihamishia nyuma hizo zilizoliwa ili kuokoa hela, wapime kwanza, tairi mbili zinazokaa pamoja nyuma zikipishana kipenyo kwa zaidi ya kama milimita 6 ile kubwa inabeba mzigo peke yake na ndogo inaburuzwa, mtaanza ugonjwa mwingine.

Unasema likiharibika lolote litakuangukia wewe. Nimelisikia hilo, na naona ndilo limekuchosha kuliko tairi. Mama mkwe alipokuita hukuwa na la kumjibu, sasa unaweza ukamwambia kwamba gari inapelekwa kupimwa, kwamba hakuna aliyehukumiwa, na kwamba wanawe wote wawili watakuwepo. Hilo ni kweli na halimwegemei mtu. Kama vipimo vitakuja vinaonyesha nyuma ilisogea, mume wako atakuwa na neno la kumwambia mdogo wake na itampasa alipate mwenyewe. Kama vitakuja gari iko sawa kabisa, basi swali la mume wako litakuwa zito kuliko lilivyo leo, na hapo niandikie tena. Kwa vyovyote vile, Desemba shemeji yako awe ameviona vipimo, picha na karatasi za mizani kabla ndugu hawajafika.

Na zile tairi za zamani, kama bado ziko stoo ya duka, msiziuze kwa fundi pancha kwanza. Ziandikeni kwa chaki hii ilikuwa kushoto, hii kulia, zipakieni ziende na gari kwa fundi, apitishe kiganja juu yake kabla hajagusa bolti yoyote.